Kule Wavulana Wanakofuma Soksi

Wanangu, sogeeni karibu. Leo sina sungura wala fisi. Nina nchi, tena ya kweli, iko kaskazini kabisa mwa Ulaya na jina lake Ufini. Nimekaa huko, katika mji mkuu wake Helsinki, muda wa kutosha kujua mambo ambayo kitabu cha jiografia hakiyataji. Kitabu kitawaambia kwamba Ufini ni nchi ya misitu na maziwa, kwamba ina watu wapatao milioni 5.6, na kwamba ilijitangazia uhuru kutoka Urusi tarehe 6 Desemba 1917. Yote ni kweli, na yote mtayasahau baada ya mtihani. Ninalotaka mlijue ni kwa nini mwezi wa saba, jua likiwa kali, mtamkuta bwana mzima wa Kifini, pengine daktari, pengine dereva wa treni, amekunja suruali ufukweni anasugua zulia kwa brashi, na hataki kusaidiwa.

Pwani ya Helsinki ina majukwaa yaliyojengwa kwa kazi moja tu: kufulia mazulia. Yamewekwa na manispaa, na hakuna anayelipa kuyatumia. Kuna meza ndefu za mbao zenye nafasi kati ya ubao na ubao ili maji yapite. Unatandaza zulia mezani, unalimwagia maji, unalipaka sabuni iliyotengenezwa kwa mafuta ya msonobari, kisha unasugua upande huu, unageuza, unasugua upande wa pili. Harufu ya sabuni hiyo huenea ufukweni kote. Mfini aliyehamia mbali akiinusa popote duniani, anakumbuka likizo za utotoni. Zulia likishatakata unalisuuza, unalipitisha katikati ya magogo mawili ya mviringo yanayozungushwa kwa mpini ili likamuke, halafu unalitundika kwenye fito likauke kwa upepo. Watu huja na kahawa ndani ya chupa, mikate, na watoto. Watoto kazi yao ni kulowa.

Mtaniuliza: hivi hao hawana mashine za kufulia? Wanazo, karibu kila nyumba. Lakini zulia la mita tatu likishalowa linakuwa zito mno, kwenye mashine ya nyumbani haliingii. Na hata lingeenea, sidhani kama wangekubali. Majira yao ya joto ni mafupi, na kufua mazulia kando ya maji ni mojawapo ya njia za kuonja jua kabla halijaondoka.

Siku hizi, hata hivyo, miji mingi imehamishia ufuaji huo nchi kavu. Sababu yake mtaielewa. Bahari ya Baltiki, iliyo mbele ya Helsinki, haina kina kirefu na imezungukwa na nchi karibu pande zote. Maji yake hubadilika polepole sana. Uchafu na sabuni vikiingia humo havipati pa kwenda. Hulisha mwani, mwani ukastawi kupita kiasi, na ukishakufa ukaoza, unatumia oksijeni ambayo samaki wanaihitaji. Kwa hiyo meza na fito vimejengwa mahali ambapo maji machafu yanaingia kwenye bomba la majitaka na kusafishwa kwanza. Wazee waliozoea kufulia juu ya maji walinung'unika kidogo, kisha wakabeba mazulia yao wakahamia huko.

Sasa lenyewe hilo zulia. Si zulia la manyoya la Uajemi. Ni la matambara. Shuka lililochakaa, shati la kazi lililotoboka viwiko, pazia lililopauka, gauni ambalo halimtoshi mtu tena, vyote hukatwa vipande vyembamba vya upana wa sentimita mbili hivi na kuviringishwa kuwa mabunda. Kisha mtu hukaa kwenye kitanda cha kufumia, mtambo wa mbao mkubwa unaojaza nusu ya chumba. Nyuzi imara za pamba zimevutwa kwa urefu. Hizo ndizo ziitwazo mtande. Ukikanyaga ubao wa chini, nusu ya nyuzi za mtande zinapanda na nusu zinashuka. Katikati yake panafunguka njia, na humo ndimo unamopitisha kamba ya tambara, yaani mshindio. Halafu unauvuta mti wenye meno kwa nguvu, pwaa, mshindio unabanwa. Unakanyaga ubao wa pili, nyuzi zinabadilishana nafasi, unapitisha tena. Pwaa. Ndivyo zulia linavyokua kidole kwa kidole.

Mimi napenda zulia hilo kwa sababu moja kubwa kuliko uzuri wake. Bibi wa Kifini anaweza kuinama, akaweka kidole kwenye mstari wa buluu na kukwambia: hili lilikuwa shati la marehemu mume wangu. Mstari mwekundu huu ni pazia la jikoni la nyumba yetu ya kwanza. Huo wa kijani ni gauni ambalo binti yangu aligoma kulivaa. Wageni wanakanyaga historia ya ukoo mzima na hawajui.

Kitanda cha kufumia ni kikubwa, na nyumba za ghorofa ni ndogo. Kwa hiyo miji mingi ina vyuo vya jioni vya watu wazima, na ndani yake kuna vyumba vya ufumaji. Unalipa ada ya muhula, unapewa zamu yako. Nami nikajiandikisha.

Hapo ndipo palipo na jambo la kwanza litakalowashangaza. Kwetu Pangani, pwani ya Tanzania, wanawake wakikaa barazani kusuka ukili, vinywa vinafanya kazi kuliko mikono. Nani kaolewa, nani kaachwa, bei ya samaki, ndoto ya jana. Kule kwenye chumba cha ufumaji unasikia pwaa, pwaa, pwaa, na hakuna mtu anayesema kitu. Nusu saa. Saa nzima. Mgeni kutoka kwetu angedhani kuna msiba umefichwa. Kumbe hakuna aliyekasirika wala aliyefiwa. Kwa Wafini, kukaa na mtu kimya bila kuona haya ni dalili kwamba mmezoeana. Wanaosemasema ili kujaza nafasi ndio wanaoonekana hawajatulia.

Kisha saa ya kahawa inafika. Wafini ni miongoni mwa wanywaji wakubwa kabisa wa kahawa duniani, na kahawa ina saa zake kazini na darasani. Vikombe vikishamiminwa, mama mmoja anakuja taratibu kwenye kitanda chako, anatazama, anagusa. Hakuulizi unatoka wapi wala ulikuja lini. Anauliza: hapa umetumia kitambaa gani? Ukimjibu, umeshapata mwenyeji. Nimekutana na wageni waliokaa Helsinki kwa miaka mingi wakilalamika kwamba watu wake hawafikiki. Wanafikika. Ila ukienda kwa maneno matupu utachelewa. Ukienda na kitu mkononi ulichokitengeneza, au unachokitengeneza, mlango unafunguka.

Na salamu je? Kule hakuna shikamoo. Mtoto wa darasa la kwanza anamwambia mwalimu mkuu "Moi", basi, na anamwita kwa jina lake la kwanza. Najua hapo mmeshikwa na butwaa. Mtoto aliyelelewa pwani ulimi wake ungekwama. Lakini msiharakishe kusema hawana adabu. Adabu wanayo, wameiweka mahali pengine. Ukimwambia Mfini saa tisa, saa tisa kamili kengele ya mlango inalia. Ukiwa unazungumza hatakukatiza. Na akiingia kwenye basi lenye viti vitupu hatakaa karibu yako, kwa kuwa anaona ni ufidhuli kukubana bila sababu. Ukimwuliza "habari?", anafikiri kwanza, kisha anakupa habari: mgongo unauma tangu Jumatatu. Kwetu habari ni nzuri hata nyumba ikiwa inaungua. Ndipo baadaye, taratibu, moto unatajwa.

Hodi nayo haipo. Huendi kwa mtu bila kupanga naye. Hata kukung'uta mazulia kuna utaratibu: uani kwa karibu kila jengo la ghorofa kuna fito za kutundikia, na kwenye ubao wa matangazo kuna saa zinazoruhusiwa kupiga mazulia hayo kwa fimbo, ili majirani wasisumbuliwe. Nchi yenye ratiba ya kelele! Nilicheka sana. Sasa naiona ni busara, ingawa bado inanichekesha.

Kabla sijasahau: mara mojamoja utakutana na mzee wa Kifini, mweupe pe, akakwambia "Hujambo" kwenye kituo cha basi. Wafini wengi walifanya kazi Tanzania, katika miradi ya maji ya Mtwara na Lindi na kwingineko. Martti Ahtisaari, ambaye baadaye alikuwa rais wao na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2008, alikuwa balozi Dar es Salaam kuanzia 1973 hadi 1977. Na Chuo Kikuu cha Helsinki kimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi. Kwa hiyo msisengenye watu kwenye basi la Helsinki mkidhani hamsikiki.

Kuna jambo moja ambalo sisi na wao tu ndugu kabisa: viatu havivuki kizingiti. Unavivua mlangoni, kama ilivyo kwetu pwani. Ila sisi tukivua viatu tunabaki na miguu mitupu; wao wanabaki na soksi, na hapo ndipo inapoanzia habari ya soksi.

Katika siku fupi kabisa za Desemba, Helsinki jua linaonekana kwa muda usiofika saa sita, tena liko chini, limechoka. Ukienda kaskazini kabisa, huko Utsjoki, halichomozi kabisa kwa muda wa wiki saba hivi. Giza lenyewe limewafundisha mengi. Sheria inataka mtembea kwa miguu gizani avae kiakisi mwanga, kijidude cha plastiki kinachoning'inia kwenye koti na kung'aa taa za gari zikikimulika. Aliyekitengeneza kwanza kwa plastiki ni Mfini, Arvi Lehti. Na jioni ndefu zinataka kazi ya mikono. Ndiyo maana nyumba nyingi za Kifini zina kikapu cha uzi wa sufu kando ya kochi, na sindano zimechomekwa humo. Sufu ina sifa ambayo pamba haina: hata ikipata unyevu inaendelea kutunza joto. Mtoto akizaliwa anafumiwa soksi. Kijana akihama kwa wazazi anapewa soksi. Wakati wa vita, wanawake na watoto wa shule waliwafumia soksi askari waliokuwa mstari wa mbele.

Uzi mmoja unaopendwa sana kwa soksi hizo umepewa jina la riwaya: Ndugu Saba, ya Aleksis Kivi, iliyotoka mwaka 1870. Ni mojawapo ya vitabu vinavyoheshimiwa kuliko vyote kwa Kifini, na vijana wake saba ni wakorofi waliokimbia masomo ya kusoma wakaenda kuishi msituni. Hebu fikirini, nchi inayosifika kwa shule zake imewafanya watoro kuwa mashujaa, halafu ikawatia kwenye lebo ya uzi.

Tumefika shuleni sasa, na hapa ndipo ninapotaka masikio yenu yote.

Shule za umma za Ufini zina somo la kazi za mikono, na si la hiari. Lilianza pamoja na shule zenyewe, mwaka 1866, kwa juhudi za mtu aliyeitwa Uno Cygnaeus, ambaye hadi leo anaitwa baba wa shule za msingi za Ufini. Wakati huo nchi ilikuwa maskini, wengi walikuwa wakulima, na njaa kubwa ilikuwa mlangoni. Ungetegemea aseme: tuwafundishe watoto ufundi wapate riziki. Cygnaeus alisema jambo jingine. Alitaka mikono ifundishwe kwa sababu ni sehemu ya kumlea mtu, sawa na kusoma na kuhesabu. Si ili kila mtoto awe seremala, bali kila mtoto akue na akili inayojua kupanga, kupima, kukosea na kurekebisha. Wazo lake lilisafiri. Sweden jirani walilichukua, na kutoka huko walimu wa nchi nyingine wakajifunza.

Kwa miaka mingi wasichana walikwenda chumba cha nguo na wavulana chumba cha mbao. Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2016 ukaondoa mpaka huo. Sasa ni somo moja, na kila mtoto anafanya yote. Msichana anakata ubao kwa msumeno, anaunga waya za taa. Mvulana anakaa kwenye cherehani, anashona begi lake. Mwalimu hawapi mfano wa kuiga tu. Mwanafunzi anatakiwa awaze mwenyewe anachotaka kutengeneza, akichore, achague malighafi, akitengeneze, kisha aeleze kimefaulu wapi na kimeshindikana wapi. Nyumba nyingi za Kifini zina kisu cha mbao cha kupakia siagi, kimepinda, hakina sura, na hakitupwi. Ni cha mtoto wao alipokuwa shule. Mtoto mwenyewe pengine sasa ana mvi.

Na wote wanaikumbuka soksi. Nitawaeleza ugumu wake. Soksi hufumwa kwa sindano tano. Vitanzi vya uzi unavigawa kwenye sindano nne zinazofanya mraba, na ile ya tano ndiyo inayofuma, ukizunguka, ukizunguka, bomba linashuka. Hadi hapo hata mtu mwenye usingizi anaweza. Kisha unafika kisigino. Mguu wa binadamu una kona, na bomba halina kona. Unafanyaje? Unaacha nusu ya vitanzi vipumzike, nusu nyingine unaifuma kwenda na kurudi mpaka upate kipande cha mraba. Halafu unaanza kupunguza vitanzi kwa mahesabu ili kipande kile kijikunje chenyewe na kufanya kikombe. Kisha unaokota vitanzi vipya pembeni mwa kipande, unarudi kwenye mzunguko, na unapunguza tena taratibu mpaka upana urudi ulivyokuwa. Ukikosea hesabu kwa kitanzi kimoja, kisigino kinakwenda upande. Hiyo ni jiometri, wanangu, ila unaivaa. Watoto wa Kifini wanakilaani kisigino, na wengi hukimbilia kwa bibi zao. Bibi anafumua mistari kadhaa, anasema "hapa", anarudisha.

Basi mvulana aliyejifunza hayo shuleni akikua haoni aibu. Kwenye Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 2018, huko Pyeongchang, Korea Kusini, kamera zilimnasa kocha wa Ufini wa mchezo wa kuteleza kwa ubao juu ya theluji, Antti Koskinen, amesimama kileleni karibu na mchezaji wake anayesubiri zamu ya kushuka, na mikononi ana sindano na uzi, anafuma. Dunia ilishangaa. Wafini walishangaa kwamba dunia imeshangaa. Wanamichezo na makocha wa timu yao walikuwa wanafuma kwa zamu blanketi la mtoto mchanga wa rais wao wa wakati huo, Sauli Niinistö. Na mwaka uliofuata, 2019, mji wa Joensuu uliandaa mashindano ya dunia ya kufuma huku muziki mzito wa magitaa ukipigwa. Naam. Washindani walipanda jukwaani na nywele zao ndefu, wakatikisa vichwa, wakafuma. Ushindi ulikwenda kwa kundi kutoka Japani. Sina la kuongeza hapo.

Viko vingine vingi nitakavyovipitia haraka. Katikati ya kiangazi wanakata matawi mabichi ya mti uitwao kwa Kiingereza birch, wanayafunga kuwa fungu kwa kitawi kilichosokotwa hadi kikalainika, na fungu hilo wanajipigia mwilini ndani ya chumba cha mvuke, sauna, ambacho karibu kila familia inacho au inakifikia. Watu wa magharibi na wa mashariki mwa nchi hawaliiti kwa jina moja fungu hilo, na ukitaka kuwasikia Wafini wakibishana kwa sauti, uliza jina lipi ni sahihi. Krismasi wanatundika juu ya meza pambo la mabua ya nafaka iitwayo kwa Kiingereza rye, mabua makavu yaliyopitishwa uzi yakafanya maumbo ya pembe nyingi, mepesi kiasi kwamba ukifungua mlango yanazunguka. Zamani waliamini kwamba pambo likiwa kubwa, mavuno ya mwaka unaofuata yatakuwa makubwa.

Msije mkadhani kule ni peponi. Nguo wanazovaa nyingi zimeshonwa Asia, kama zenu. Baridi inakata, na giza la Novemba, kabla theluji haijaanguka ikaleta mwanga kidogo, linaweza kumlemea mtu aliyezoea jua. Ndicho kipindi ambacho mimi nilifuma zaidi.

Nami nilikuwa na changu cha kuonyesha. Ukutani kwangu nilitundika kawa ya Pemba, ile ya kufunikia chakula, yenye rangi nyekundu na zambarau. Jirani yangu, bibi wa Kifini wa ghorofa ya chini, alipokuja kunywa kahawa (kwa miadi, bila shaka), hakuisifu. Aliishusha, akaigeuza, akatazama upande wa ndani. Mjuzi wa kazi ya mikono hutazama upande wa ndani kwanza. Kisha maswali. Ni jani gani? Nikamweleza kwamba ni jani changa la mkindu, linakatwa kabla halijachanua vizuri, linaanikwa juani mpaka linageuka jeupe. Rangi inashikaje? Unachemsha maji na rangi, unatumbukiza ukindu, unauacha unywe. Halafu? Unauchana kwa ukucha au kisu kupata chane nyembamba, unasuka ukili mrefu, mrefu sana, unaupima kwa pima, na ukishatosha unaushona ubavu kwa ubavu, ukizunguka kwa kawa, ukienda na kurudi kwa mkeka. Mshono ukiwa mzuri hauonekani. Bibi yule akatafuta mshono kwa miwani, akaukosa, akatikisa kichwa.

Kisha akauliza lililo gumu. Hii mnafundishwa darasa la ngapi?

Nilimjibu ukweli kwamba nilifundishwa barazani, na shangazi. Shuleni tulikuwa na kazi za mikono kwa namna nyingine. Mwalimu Nyerere aliandika kuhusu Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na alitaka shule iunganishe kitabu na kazi. Baadaye kukawa na somo la Stadi za Kazi katika shule za msingi za Tanzania. Karatasi zilikuwa nzuri. Lakini waulizeni wazazi wenu wanakumbuka nini, na wengi watawaambia: ukichelewa, shika jembe, ukipiga kelele, kafagie uwanja, ukishindwa hesabu, kachote maji. Kazi ya mikono ikawa ni adhabu, na mtoto mwenye akili akajifunza kwamba kufaulu maana yake ni kuikimbia. Kule sijawahi kuona mtoto akiadhibiwa kwa kupewa sindano. Tofauti kati ya nchi yao na yetu, kwa maoni yangu, haiko kwenye theluji wala kwenye fedha pekee, iko hapo.

Na ninyi wavulana mnaocheka pembeni, mnadhani haya ya kushika sindano ni ya Wazungu? Kofia ya viua aliyovaa babu yako Ijumaa imetobolewa vijitundu na kuzungushiwa uzi kwa mkono, kimoja kimoja, kwa wiki nyingi, na huko Lamu na Zanzibar wanaume nao wamezishona tangu zamani. Nahodha anashona tanga. Mvuvi anafuma wavu. Hakuna aliyewaita wanawake.

Basi nina ombi. Likizo ijayo, mkienda kwa bibi, msimwombe simu. Mwombeni ukindu. Awaonyeshe kuchana kwanza, maana chane zikipishana upana ukili wote unakwenda mrama, na awaonyeshe namna ya kuunga chane mpya ile ya zamani inapokwisha, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Msianze na rangi. Atakayemaliza pima moja iliyonyooka kabla shule hazijafunguliwa, mvulana au msichana, na aniletee niione, upande wa ndani.